Meya, barabara na tarehe ya uchaguzi

Mhariri,

Swali la wiki hii liliwauliza wasomaji kama mabishano juu ya barabara kuu na usafiri wa umma yanastahili kuwa kigezo cha kumchagua meya, au kama ni kelele za kampeni zinazofunika mambo mazito zaidi. Jibu langu ni kwamba yanastahili, tena kuliko karibu jambo lolote jingine linalozungumzwa katika kampeni za jiji. Ninachosikitikia ni kwamba mara nyingi wapiga kura hulazimika kuamua kabla hawajaonyeshwa jambo lenyewe, kwa sababu maumivu ya mradi wa barabara hufika kabla ya siku ya kupiga kura, na faida yake hufika wakati meya aliyeuanzisha ameshasahaulika.

Si ajabu kwamba barabara hutawala kampeni hizi. Katika nchi nyingi shule, hospitali na sehemu kubwa ya kodi zimo mikononi mwa serikali kuu au ya jimbo, ilhali njia ya basi, maegesho na kivuko cha waenda kwa miguu ni vitu ambavyo mkazi huviona kila siku na kuamini kwamba meya anaweza kuvibadilisha. Tena upana wa mtaa hauongezeki: kila mita inayotengewa basi ni mita iliyoondolewa kwa magari binafsi. Huko ni kugawana mali ya pamoja, na mgawanyo wa mali ya pamoja ndio siasa yenyewe.

Mfano ambao kwangu unafundisha zaidi ni wa San Francisco. Jiji hilo lilijengewa mwishoni mwa miaka ya 1950 barabara ya juu yenye ghorofa mbili, Embarcadero Freeway, iliyopita kando ya maji na kulitenga jiji na ghuba yake. Mwaka 1986 wapiga kura waliulizwa kama ibomolewe, wakakataa. Kisha tetemeko la ardhi la tarehe 17 Oktoba 1989 likaiharibu, ikafungwa, na Meya Art Agnos akashikilia kwamba fedha zisitumike kuikarabati bali iondolewe kabisa. Waliompinga kwa nguvu zaidi walikuwa wafanyabiashara wa Chinatown, ambao wateja wao walizoea kushuka kwenye barabara hiyo na kuingia karibu moja kwa moja mtaani kwao, na ambao mauzo yao yalikuwa yameshashuka tangu ilipofungwa. Baraza la jiji liliunga mkono ubomoaji kwa tofauti ndogo kabisa ya kura, na mitambo ikaanza kazi mwaka 1991, mwaka uleule wa uchaguzi. Agnos, ambaye mwaka 1987 alikuwa ameungwa mkono na viongozi wa Chinatown, alishindwa kwa kura chache katika duru ya pili, Desemba 1991, na Frank Jordan, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa jiji hilo.

Hakuangushwa na barabara peke yake, kwa maana suala la watu wasio na makazi nalo lilimwelemea. Lakini tazama wakazi wale walikuwa na nini mbele ya macho yao walipokwenda kupiga kura: kifusi, foleni zilizohamia mitaa mingine, na maduka yaliyopungukiwa wateja. Barabara pana ya chini yenye mitende na njia ya tramu, ambayo leo ni fahari ya jiji hilo, ilikamilika karibu mwaka 2000, na jengo la zamani la vivuko lililokuwa limefichwa nyuma ya zege lilifunguliwa upya kama soko mwaka 2003. Agnos alihukumiwa kwa kifusi, sifa za bustani wakazichukua wengine. Wala sithubutu kuwalaumu watu wa Chinatown, kwa sababu hasara yao ilikuwa ya kweli na ya papo hapo, na reli ya chini ya ardhi iliyopiganiwa miaka mingi ili kuwaunganisha tena na sehemu nyingine za jiji haikufunguliwa hadi mwishoni mwa 2022. Mtu aliyekuwa na duka mwaka 1991 angewezaje kusubiri miaka thelathini na moja?

Linganisha na Seoul. Lee Myung-bak aligombea umeya mwaka 2002 akiahidi kubomoa barabara ya juu iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon na kukirudisha kijito chenyewe. Muhula wa meya huko ni miaka minne, naye aliupangia kazi kama mkandarasi, jambo lisiloshangaza kwa mtu aliyewahi kuongoza kampuni kubwa ya ujenzi. Ubomoaji ulianza Julai 2003; mtandao wa mabasi ulipangwa upya Julai 2004 na kupewa njia maalumu katikati ya barabara; kijito kikafunguliwa kwa umma Oktoba 2005. Siku za kwanza za mabasi mapya zilikuwa na vurugu kiasi kwamba meya aliomba radhi hadharani, lakini vurugu hizo zilimalizika akiwa bado ofisini. Mwaka 2007 alichaguliwa kuwa rais wa nchi, na kijito kile kilikuwa miongoni mwa sifa zake kubwa. Machinga waliokuwa wakifanya biashara pale waliondolewa, wakahamishiwa kwenye uwanja wa michezo wa zamani, kisha wakahamishwa tena uwanja huo ulipobomolewa. Habari zao huwa hazitajwi sana mradi huo unaposifiwa, na naona ni kosa kuziacha.

London ina historia ndefu zaidi ya jambo hilihili. Ken Livingstone alichaguliwa mwaka 2000 akiwa mgombea binafsi, na tarehe 17 Februari 2003 akaanzisha tozo ya msongamano ya pauni 5 kwa siku kwa magari yanayoingia katikati ya jiji. Kabla ya siku hiyo wengi walitabiri kwamba amejimaliza kisiasa. Uchaguzi ulifika Juni 2004, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, magari yanayoingia eneo hilo yakiwa yamepungua kwa karibu asilimia 18 na fedha zilizokusanywa zikiwa zimeelekezwa kwenye usafiri, hasa mabasi, kama sheria ilivyotaka. Alishinda tena. Hata hivyo ni lazima niseme kwamba kalenda ya uchaguzi haielezi kila kitu: mwaka 2007 alipanua tozo hiyo kuelekea magharibi, mahali ambapo wakazi wengi hawakuitaka, na mwaka 2008 Boris Johnson alimshinda akiahidi, pamoja na mengine, kuwauliza wakazi upya juu ya upanuzi huo na kuyaondoa mabasi marefu yenye kiungo katikati. Yote mawili yalitekelezwa. Muda hautoshi ikiwa mtu anayelipa haoni anachokipata.

Lakini mwaka 2023 kalenda ilionekana tena waziwazi. Meya Sadiq Khan alikuwa ametangaza kwamba tozo ya pauni 12.50 kwa siku kwa magari yanayochafua hewa kupita kiwango itaenea London nzima kuanzia tarehe 29 Agosti. Julai, wiki chache kabla ya tarehe hiyo, chama cha Conservative, wapinzani wa Khan, kilishinda uchaguzi mdogo wa ubunge wa Uxbridge, pembezoni mwa London, kwa kura 495 tu, kikiwa kimeifanya tozo hiyo kuwa hoja yake kuu. Wachambuzi wengi walichukulia kwamba kilichotokea hapo kingetokea kwa meya mwenyewe. Mei 2024, tozo ikiwa imeshatumika kwa miezi minane na wenye magari wengi wamegundua kwamba hawaguswi nayo, Khan alishinda muhula wa tatu dhidi ya mgombea aliyeahidi kuufuta upanuzi huo siku ya kwanza ofisini. Uxbridge walipiga kura kwa hofu ya kitu ambacho hakijafika; London walipiga kura wakikijua.

Stockholm nayo inastahili kutajwa, kwa kuwa ndiko ninakoona uaminifu zaidi wa utaratibu, ingawa uaminifu wa ahadi ulivunjwa. Annika Billström, aliyekuja kuwa kiongozi wa jiji hilo, aliahidi kabla ya uchaguzi wa 2002 kwamba hakutakuwa na tozo ya msongamano, kisha akageuka kutokana na makubaliano ya kisiasa ya ngazi ya taifa. Tozo ikajaribiwa kuanzia Januari hadi Julai 2006, ikazimwa, na Septemba wakazi wakapigia kura tozo hiyo na uongozi wa jiji siku moja. Kabla ya jaribio wengi walikuwa wakiipinga. Baada ya kuona trafiki imepungua kwa takriban sehemu moja ya tano, zaidi kidogo ya nusu ya wapiga kura wa jiji waliikubali, na ikarudi mwaka 2007. Billström na chama chake walishindwa siku hiyohiyo. Wananchi walitenganisha mradi na mtu aliyewavunjia ahadi, na hilo kwangu ni ushahidi kwamba mpiga kura anayepewa nafasi ya kuonja kabla ya kuamua hupima mambo kwa makini.

Kalenda ina mwenzake, nao ni mamlaka. Mgombea huweza kushinda kwa hoja ya barabara ambayo hana uwezo wa kuijenga wala kuizuia. Seattle ilikuwa na barabara ya juu ya Alaskan Way, iliyofunguliwa mwaka 1953 na kuharibiwa na tetemeko la Februari 2001. Mwaka 2007 wakazi walipelekewa mapendekezo mawili, kuijenga upya au kuibadilisha kwa handaki, wakayakataa yote mawili. Miaka miwili baadaye gavana wa jimbo, pamoja na meya na mkuu wa kaunti, walitangaza handaki refu la kuchimbwa kwa mashine. Mwaka huohuo Mike McGinn, aliyejitambulisha kwa kulipinga handaki hilo, alishinda umeya. Lakini hata yeye, siku chache kabla ya kura, alilazimika kukiri kwamba hatalizuia ikiwa baraza limeshakubaliana na jimbo. Barabara ilikuwa ya jimbo, fedha nyingi zilikuwa za jimbo. Akatumia sehemu kubwa ya muhula wake katika mvutano huo, na kura ya maoni ya Agosti 2011 ikaenda upande wa handaki. McGinn aliposhindwa Novemba 2013, mashine ilikuwa chini ya ardhi. Mwezi uliofuata ikakwama, ikakaa takriban miaka miwili bila kuendelea na kazi. Handaki lilifunguliwa Februari 2019. Tahadhari zake kuhusu gharama na hatari zilianza kuonekana kuwa na msingi wakati ambapo kura haikuweza tena kumsaidia.

Toronto inaonyesha madhara ya upande wa pili, yaani pale kila uchaguzi unapoleta ramani mpya. Rob Ford aliingia ofisini Desemba 2010 na kutangaza siku ya kwanza kwamba mpango wa reli nyepesi wa mtangulizi wake umekwisha, akitaka treni za chini ya ardhi. Mwaka 2012 baraza likairudisha sehemu ya mpango huo. Kwa eneo la Scarborough, lililokuwa na reli iliyochakaa ya tangu mwaka 1985, kulikuwa na mpango wa reli nyepesi ya vituo saba uliogharimiwa na jimbo. Mwaka 2013 baraza likauacha na kuchagua treni ya chini ya ardhi, na uchaguzi wa 2014 ukawa wa kubishana upya. Julai 2023 behewa la reli ile ya zamani liliacha njia, na reli ikafungwa moja kwa moja, huku mbadala wake ukiwa bado unachimbwa. Abiria wa Scarborough, ambao kwa zaidi ya muongo mmoja walitajwa katika kila mdahalo, wakabaki na mabasi. Haya yananiuma kuliko kushindwa kwa meya yeyote, kwa sababu hao ndio watu ambao hoja yote ilidaiwa kuwa kwa ajili yao.

Naijua hoja ya wanaosema kwamba meya mwenye busara basi ataficha mipango migumu hadi apite uchaguzi, kisha aitekeleze haraka ili watu wazoee. Siikubali. Paris, ambako Anne Hidalgo aliyafungia magari barabara ya kingo za Seine mwaka 2016, mahakama iliufuta uamuzi huo mwaka 2018 na jiji likalazimika kuutoa upya kwa misingi mingine. Alipochaguliwa tena mwaka 2020 wapiga kura walikuwa wameyasikia mabishano yote na kuyaona matokeo. Haraka ya kuanza ni halali ikiwa jambo lilisemwa wazi katika kampeni. Likifichwa, hata mradi mzuri huanza ukiwa na deni kwa wananchi.

Kwa hiyo ningependa wanaoendesha midahalo ya wagombea waanze na mambo mawili kabla ya kuonyeshwa mchoro wowote: ni kipi kitakachokuwa kimefunguliwa kabla ya uchaguzi ujao, na sahihi ya nani, mbali na ya meya, inahitajika ili kifunguliwe. Kwa anayeahidi kubomoa au kufunga barabara, ningeongeza kwamba ataje mabasi yatakayokuwa yameshaanza kufanya kazi siku inapofungwa, na fungu la bajeti litakalowafidia wenye maduka na machinga katika kipindi chote cha ujenzi, likiwa limepitishwa kabla mtambo wa kwanza haujafika.