Gesi inazima katikati ya chai, na geji iko kijani

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Bwanangu alinunua trela ya kulala, ile ya kuvutwa na gari, sasa wikendi tunaenda nayo Naivasha na watoto. Shida yetu ni gesi. Tunabeba mtungi wa kilo 6 na lazima utuishie pabaya. Juzi akaleta geji ya kufunga kwa rigulata, mshale ukakaa kwa kijani tangu Ijumaa, Jumapili asubuhi chai iko motoni, paap, imezima. Tuliuziwa feki ama? – Mama watoto, Kasarani

JIBU: Mama, geji yenu si feki, ni vile inapima presha na nyinyi mnataka kujua kiasi. Gesi ikiwa ndani ya mtungi ni kimiminika, yaani gesi iliyogeuka maji, na bora hayo maji yapo hata kidogo, presha haiendi mahali, inafuata joto tu, jua la Naivasha likiwaka mshale unapanda, usiku ukiingia unashuka, na hamjapika chochote. Mshale ukianguka mchana kweupe ujue maji yameisha, na hapo kwani utakusaidia nini?

Nunueni mizani, ile ndogo ya kuning'iniza watu hupimia mabegi ya ndege. Angalieni kwa shingo ya mtungi, kuna uzito wa mtungi mtupu umegongwa hapo, mara nyingi na herufi TW. Toeni rigulata, ning'inizeni, mtoe ile namba. Tuseme TW ni 7.2 na mizani inasoma 9.4, mko na kilo 2.2 za gesi. Meko ya kilowati 2 ikiwa juu kabisa inakula kama gramu 150 kwa saa, kwa hivyo hapo mna masaa kama 14, chai na ugali za wikendi zinatosha, lakini mkiwa watu wa githeri mbichi pigeni hesabu tena. Pimeni Alhamisi mkiwa bado nyumbani, si mkishafika.

Mizani ikisahaulika, mwagia mtungi maji ya moto kiasi (si ya kuchemka) upande mmoja, halafu shusha kiganja polepole kutoka juu. Pale chuma kinageuka baridi ghafla ndio gesi imefika.

Kitu kingine, mkipanda huko Kinangop kwenye baridi, moto unaweza kuwa mdogo alfajiri na gesi bado iko. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propeni na buteni, propeni inachemka hata kwa nyuzi 42 chini ya sifuri lakini buteni ikikaribia sifuri inagoma, na propeni ndio hutangulia kuisha, so mtungi ukielekea mwisho ndio unasumbuka na baridi. Ngojeni jua. Msiusongeze karibu na moto hata kama watoto wanalia njaa.

Trela nyingi za Marekani hukuja na mitungi miwili na rigulata ya kujibadilisha yenyewe, wa kwanza ukiisha kidirisha kinageuka chekundu. Sisi tungebeba tu mtungi wa pili, ni rahisi kuliko hizo geji zote.

Na mtungi ukae nje, umesimama wima, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivujia ndani inajaa sakafuni. Mkirudisha rigulata pakeni povu la sabuni kwa jointi, likianza kufura fungeni mkaze upya kabla mtu hajawasha kiberiti.