Dada nimelipenda Dar, nihamie?

SWALI: Shikamoo dada. Mi fundi cherehani niko Njombe, nilienda Dar kwenye harusi ya binamu, yani lile jiji nimelipenda balaa, Kariakoo ilivyojaa watu, pantoni ya Kigamboni, tangu nirudi siko sawa kabisa. Mama anasema nitapotelea huko. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nakuelewa sana, Dar inateka moyo kweli, na kwa fundi kama wewe vitambaa vyote viko Kariakoo. Ila ulikuwa mgeni wa harusi, kodi hukulipa. Wenye nyumba wengi wanataka ya miezi 6 kwa mpigo, dalali naye anachukua ya mwezi mzima, hapo hata godoro hujanunua. Kwa hiyo fikia kwanza kwa binamu, omba cherehani kwa fundi mwenye oda nyingi mgawane, chumba kitafuata.

Ukienda kukagua chumba uliza luku mnachangia wangapi na maji yanatoka siku zipi, halafu angalia ukuta kwa chini, ukiona mstari wa tope ujue mvua ikinyesha maji yanaingia ndani, bonde la Msimbazi usilipangie kabisa hata kama bei ni ya kutupa. Mi ningetafuta Kimara, mwendokasi wa kwenda mjini upo tangu 2016 japo asubuhi mnabanana hatari.

Nenda tena mwezi wa tatu, joto na mvua vyote vipo. Ukiipenda hivyo hivyo, hama mdogo wangu. Na mama mpe namba ya binamu kabla hujapanda basi.