Re: Wiski ya shayiri ya bere, ladha au bei tu?

Ndugu, umeuliza kama ladha ya bere inabaki baada ya kukaa kwenye pipa, na kwa nini bei iko juu. Nianze na bei. Bere ni shayiri ya zamani ya Scotland, bado inalimwa visiwa vya Orkney. Bua lake ni refu na hulala upepo ukizidi, na mavuno kwa ekari ni karibu nusu ya shayiri za kisasa. Halafu punje ni ndogo na zina protini nyingi, kwa hiyo wanga, unaogeuka sukari na kisha alkoholi, ni kidogo. Tani ya kimea (shayiri iliyochipushwa na kukaushwa) cha kisasa hutoa takriban lita 410 za alkoholi tupu. Bere haifiki hapo.

Kinachosumbua zaidi kiwandani ni kusaga. Punje hazilingani, kwa sababu suke lina safu sita. Silinda za mashine ya kusagia zikiachwa kwenye nafasi ya kawaida, punje ndogo zinapita nzima na sukari inapotea. Ukizibana mno, unga unazidi na maji matamu hayachujiki. Uwiano unaolengwa ni makapi 20%, chenga 70%, unga 10%.

Ladha inabaki, ila pipa lililowahi kuwa na sheri (mvinyo wa Hispania) nzito huifunika. Linganisha wiski mbili, Bruichladdich Bere Barley na Classic Laddie: kiwanda kimoja, zote alkoholi 50%, hazina moshi wa mboji (peat, udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kukausha kimea). Mimina mililita 20, onja, kisha ongeza kijiko cha chai cha maji (mililita 5). Inashuka hadi 40%. Hapo tafuta unono wa nafaka ulimini.