Jiwe lako la kijani: pima kwanza, ndipo ufungue Mindat

Mkuu, umeuliza programu gani ya simu uiamini kwa hilo jiwe la kijani uliloletewa na mjomba kutoka Handeni, maana moja imekwambia ni zumaridi na nyingine imesema tsavoraiti. Nanunua na kuuza mawe hapa Dar mwaka wa tisa sasa, na jibu langu ni kwamba usiiamini hata moja. Picha inaonyesha rangi, na kwenye mawe rangi ndiyo inayodanganya kuliko kitu kingine. Zumaridi, tsavoraiti, tomalini ya kijani na kipande cha chupa, ukivipiga picha dirishani saa nne asubuhi, vinafanana kabisa.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa pili nilinunua jiwe la gramu 9.80 pale Kariakoo, nikalipiga picha, simu ikasema tsavoraiti, nikatoa laki nne. Jioni nikampelekea mzee mmoja sonara aniambie atalikata vipi. Simu hata hakuitazama. Aliweka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani yake ya dhahabu, akabonyeza isome sifuri, akalifunga jiwe kwa uzi mwembamba wa kushonea na kulizamisha lote, akilishikilia lisiguse kuta wala chini ya kikombe. Mizani ikasoma 3.92. Akachukua kalamu, akagawanya 9.80 kwa 3.92, akapata 2.5. Kisha akanipa lenzi ya mkono, ile ya kukuza mara 10, akaniambia nitazame ndani kwenye mwanga. Nikaona viputo vya mviringo, viwili vikubwa na vingine vidogo vidogo kama povu la soda. "Mwanangu," akasema, "hili limepikwa, halikuzaliwa."

Ilikuwa chupa. Tsavoraiti halisi huwa karibu na 3.6, kwa hiyo ningepima kabla ya kulipa, laki nne zangu zingebaki mfukoni.

Ile namba inayosomeka jiwe likiwa ndani ya maji ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo umeshapata ujazo wa jiwe, na ukigawanya uzito wake mkavu kwa ujazo huo unapata densiti. Tafuta mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Kwanza sugua jiwe kwa mswaki na sabuni, maana vumbi na mafuta hushika hewa, na kiputo kimoja tu kilichong'ang'ania kwenye ufa kinaharibu hesabu. Pima mara tatu. Jiwe likiwa chini ya gramu moja, kosa dogo la mizani linakuwa kubwa kwenye jibu, na kama bado limeshikana na mwamba wake, hiyo densiti ni ya mwamba pia.

Ukishapata namba yako ndipo ufungue Mindat, tovuti yenye taarifa za madini ya dunia nzima, na hapo utaona faida yake. Aliyeianzisha ni Jolyon Ralph wa Uingereza. Mwaka 1993 ilikuwa kazi yake binafsi kwenye kompyuta yake, mwaka 2000 akaiweka kwenye intaneti, na hadi leo kuisoma ni bure. Kila madini yana ukurasa wake wenye fomula, ugumu, densiti, rangi ya unga wake na sehemu yanakopatikana. Kwa jiwe lako utaona kuwa zumaridi iko kwenye 2.7, tomalini kwenye 3.1, daiopsaidi, jiwe jingine la kijani, kwenye 3.3 na tsavoraiti kwenye 3.6. Hazigusani! Kipimo kimoja cha maji kinaondoa ubishi wa programu zako zote mbili. Ila kioo kinaweza kutengenezwa kizito, kwa hiyo lenzi usiiache.

Kuna jambo la majina ambalo huwasumbua wengi. Tsavoraiti na tanzanaiti ni majina ya biashara. Kwenye orodha ya Jumuiya ya Kimataifa ya Madini, ya kwanza ni grosulari, aina mojawapo ya ganeti, na ya pili ni zoisaiti. Kwa hiyo ukiona jina halileti kitu, andika grossular au zoisite. Na majina ya mahali ni hivyo hivyo: kwa machimbo ya tanzanaiti jaribu Merelani, Mererani na Mirerani, kwa sababu kila aliyeandika aliandika alivyosikia.

Fungua pia ukurasa wa eneo, uone kipi kimewahi kuripotiwa upande wa Handeni. Ila wanaojaza taarifa hizo ni watu wa kujitolea, na kutokuwepo kwenye orodha si ushahidi kwamba hakipo. Tanzanaiti ilijulikana mwaka 1967, lakini merelaniiti, nyuzi nyembamba za kijivu zinazotoka machimbo hayo hayo ya Merelani, ilitambuliwa kuwa madini mapya mwaka 2016. Karibu miaka 50! Na ukiwa humo ndani tafuta nyerereite, uone jina la Mwalimu limekaa kwenye madini ya Oldoinyo Lengai. Mimi siku niliyoliona nilimwita mke wangu aje asome.

RRUFF, hifadhidata ya madini ya Chuo Kikuu cha Arizona, ni hazina, lakini inalinganisha vipimo vya mashine ya Raman, inayotambua madini kwa mwanga wa leza, na vya eksirei, kwa hiyo utaihitaji siku ukipata maabara yenye mashine hizo. Kwa safari za porini kusiko na mtandao nakushauri Handbook of Mineralogy: kila madini yana ukurasa wake wa PDF, bure, unapakua kabla ya kupanda basi. Za Tanga ninazo kwenye simu tangu mwaka juzi.

Usilikwaruze kwa msumari kupima ugumu, unaweza kulishusha bei kama ni zuri. Na usimuuzie mtu yeyote mtaani, biashara ya madini ina leseni zake, pita kwanza ofisi ya Tume ya Madini wakuelekeze.

Mizani kama huna, sonara yeyote wa karibu atakupimia ukimwomba vizuri. Niandikie hapa gramu zake likiwa kavu, gramu zilizosomeka ndani ya maji, na ulichokiona kwa lenzi. Nitakaa kwenye uzi huu hadi tujue ni nini.