Ukimkuta mtoto na msokoto, muulize kaununua kwa nani

Mwezi uliopita shemeji alinipigia simu saa tatu usiku. Hakusalimia. Shemeji yangu ni mtu wa salamu ndefu, huulizia mpaka paka, kwa hivyo nikajua kuna jambo. Alikuwa akifua suruali ya shule ya mwanawe, mfukoni mkatoka msokoto wa bangi umelowa maji. "Huyu mtoto ashaishika njia ya babake," akasema, sauti ikamkatika.

Babake ni mdogo wangu wa kufuatana. Alitumia unga, yaani heroini, miaka kumi na tatu. Siku hizi huamka alfajiri, akapanda matatu hadi Kisauni kunywa methadoni, dawa ya kliniki ya kumtoa mtu kwenye unga, kisha huenda kibaruani. Naye alianza na msokoto kama huo wa mfukoni. Mimi pia nilianza nao, tena tulivuta pamoja, tukipokezana. Mimi niliacha nilipooa, bila dawa, bila kliniki, bila hata homa. Yeye hakuweza.

Ndiyo maana mjadala wa bangi ukizuka barazani, kahawa imemiminwa na kila mtu ana la kusema, mimi hunyamaza kwanza. Upande mmoja watakwambia bangi ni mlango: akishaingia hapo, unga uko chumba cha pili. Upande wa pili watakwambia ni majani tu, kayaotesha Mungu, serikali iyahalalishe tupumue. Kila upande una shahidi wake, na mashahidi wote wawili wametoka tumbo moja na kulala kitanda kimoja Majengo, mtaa wetu hapa Mombasa.

Hiyo nadharia ya mlango si maneno ya barazani tu. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Denise Kandel, alichapisha uchunguzi wake juu ya vijana, akaonyesha kwamba wengi hupanda ngazi kwa mpangilio: bia na divai kwanza, kisha sigara au pombe kali, kisha bangi, kisha dawa nyingine. Watu wakaibeba ile ngazi wakaviacha vidato vya chini. Sijapata kumsikia mtu akisema bia ni mlango wa heroini, ingawa ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Na ngazi yenyewe hubadilika mtu akihama nchi. Nyumbani kwetu bia haikuvuka kizingiti. Mdogo wangu, kabla ya ule msokoto, alianza na vipande vya sigara alivyookota stendi. Mwanawe, nilipomdodosa, kidato chake cha kwanza kilikuwa muguka, yale majani ya jamii ya miraa, wa kutafuna na njugu na bigijii. Muguka ule ule ambao Gavana Abdulswamad Nassir aliupiga marufuku Mombasa Mei 2024, na haikuchukua muda mahakama ya Embu ikaisimamisha amri yake.

Kitu kutangulia kingine si kukisababisha. Wengi wanaovuka feri kwenda Likoni hupita kwa muuza mihogo kwanza, lakini huwezi kusema mihogo ndiyo iliyowavusha. Na wapo wengi zaidi wanaokula mihogo wakageuka wakarudi kwao. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliipitia habari hii na haikupata ushahidi wa kutosha kwamba bangi, kwa nguvu yake yenyewe mwilini, ndiyo inayomsukuma mtu kwenye dawa kali. Wengi wanaoionja hawafiki huko.

Hilo lisikufanye uwaambie watoto kwamba bangi haina neno. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kama mtu mmoja katika kila kumi wanaoijaribu hunasa, na kwa wanaoanza wakiwa wadogo ni kama mmoja katika sita. Ubongo wa kijana bado unajengwa, na bangi kali inayovutwa kila siku huongeza uwezekano wa kuchanganyikiwa akili, hasa kwenye ukoo ambao maradhi hayo yapo. Mimi mwenyewe ile miaka niliyovuta siikumbuki vizuri. Nilikuwa nikipanga mambo makubwa usiku, asubuhi nalala.

Sasa nikueleze mdogo wangu alivukaje, kwa sababu hapa ndipo watu wa baraza hawafiki.

Mimi nilikuwa nanunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza bangi peke yake, basi. Ukimuuliza kitu kingine hukutukana. Mdogo wangu, yeye akiwa na miaka kumi na tano na ada ya shule imeshindikana, aliona haya kwenda kwa mzee anayemjua marehemu babetu. Akapata maskani yake, nyuma ya uwanja wa mpira, kwa kijana anayeuza kila kitu. Siku moja polisi walikuwa wamefanya msako na majani yameadimika. Yule kijana akampa msokoto wa "kokteli". Asiyejua: kokteli ni bangi na tumbaku, na ndani yake umenyunyiziwa unga. Hapa Pwani wengi walianza unga hivyo, kwa moshi, hakuna sindano, hakuna la kuogopesha. Mkononi ni msokoto tu kama wa jana. Alinihadithia miaka mingi baadaye kwamba alitapika, halafu akahisi amefunikwa blanketi la joto. Kesho yake akarudi kuliulizia lile blanketi. Baada ya wiki kadhaa yule kijana akaacha kumchanganyia bangi, akawa anamuuzia kete, vifurushi vidogo vya unga mtupu.

Kwa hivyo ukiniuliza kama bangi ni mlango, nitakwambia kwa mdogo wangu aliyefungua mlango ni muuzaji, na bangi ndiyo iliyomfikisha barazani kwake. Waholanzi waliliona hilo zamani. Mwaka 1976 waliamua kuwavumilia wanaouza bangi kidogo kidogo, na sababu yao kubwa ilikuwa kuutenga mkono unaouza bangi na mkono unaouza heroini. Haikuwa mapenzi ya majani. Nao mpango wao una kichekesho chake: duka linaruhusiwa kuuza mlango wa mbele, lakini mzigo wenyewe kwa miaka mingi umekuwa ukiingilia mlango wa nyuma kwa njia za haramu.

Huku kwetu mjadala huja na kuondoka kama kaskazi. Mwaka 2018 Ken Okoth, Mungu amrehemu, akiwa mbunge wa Kibra, alitaka kupeleka mswada bungeni. Mwaka 2021 Marasta wakaenda Mahakama Kuu kudai haki ya kuitumia kwenye ibada yao. Mwaka 2022 akaja George Wajackoyah, mgombea urais, atauza bangi na nyoka na korodani za fisi alipe deni la taifa; tulicheka sana, vijana wakampigia makofi, na kwenye debe akapata kura 61,969. Sheria nayo inajongea polepole: ile ya 1994 ilimtishia mvutaji miaka 10 jela hata kama majani ni ya kuvuta mwenyewe, marekebisho ya 2022 yakashusha hadi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kwa mtoto wa Majengo shilingi laki moja na miaka mitano ni kitu kimoja.

Mimi nasimama wapi? Simtaki mvutaji jela. Mdogo wangu alifungwa mara mbili, na mara ya kwanza aliingia akiwa anavuta unga, akatoka amejifunza kuudunga. Lakini pia sitaki duka la bangi kwenye kona ya shule, na wanaotutolea mfano wa Kanada, iliyohalalisha Oktoba 2018, hawamalizii habari: kule muuzaji ana leseni na hakuna mkoa unaoruhusu kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Sisi hata sigara moja moja tunawauzia watoto wa darasa la sita, mchana kweupe. Tukihalalisha kesho kwa mtindo huu, anayeuza atakuwa yule yule wa nyuma ya uwanja, ila atakuwa na kibanda. Tuanze na kibanda cha sigara, tukiweza hicho tuzungumze.

Basi turudi kwa yule mtoto. Nilimwambia shemeji asimpige, na asimpeleke kituoni "akatishwe kidogo". Najua wazazi waliofanya hivyo. Sisi tulifanya. Tulimpeleka mdogo wangu kwa askari tuliyemjua, amtie hofu tu, na tukaishia kutoa pesa kumtoa, naye akatoka na marafiki wapya.

Jumapili nikamchukua mtoto hadi bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, tukakaa ukingoni tukitazama meli, mihogo ya pilipili na ndimu katikati yetu. Nilimpa nafasi ale kwanza. Mtoto aliyeshiba hujibu.

"Ami," akaanza yeye mwenyewe, "mama kashakwambia."

"Kashanambia. Waununua kwa nani?"

Alishangaa. Alikuwa amejiandaa kuulizwa kwa nini, na majibu ya kwa nini alikuwa nayo tele: mawazo, marafiki, mitihani. Swali la kwa nani hakulitayarishia. Akanieleza, polepole. Nikamuuliza huyo mtu auza nini kingine. Akatazama bahari. Ukimya ule ulitosha.

Kisha naye akaniuliza, "Ami, ni kweli hata wewe ulivuta?"

Nikamwambia kweli. Ungemwambia uongo nami ningekuelewa, lakini watoto wa sasa wana simu. Ukimwambia bangi inaua kwa siku moja, naye kamwona rafiki yake akivuta na kufaulu mtihani, siku utakayomwambia unga unaua hatakuamini, na hapo utakuwa unasema kweli. Nikamweleza kokteli ni nini, na kwamba msokoto aliosokota mwingine asiutie mdomoni hata akiitwa mwoga. Sikumpa ruhusa ya kuvuta. Nilimwambia wazi kwamba namtaka aache, na angalau angoje akue. Lakini nilimwambia pia kwamba akikosea, simu yangu haizimwi.

Shemeji naye nilimfundisha kutazama, maana alikuwa akimnusa mtoto kila anapoingia. Bangi ni macho mekundu, njaa ya ghafla, kicheko kisicho na mzaha. Unga ni kitu kingine kabisa: mboni ya jicho huwa ndogo kama kichwa cha pini hata gizani, mtu hujikuna pua na mashavu, husinzia huku amesimama. Na akiukosa huja arosto: miayo, makamasi, tumbo kuharisha, mifupa kuuma, jasho na baridi kwa pamoja. Ukiyaona hayo usimfungie chumbani. Mwanzoni mwa 2011 unga ulipoadimika Pwani nzima, mama alimfungia mdogo wangu siku nne. Alitoka amekonda, sote tukashukuru, na wiki ya pili akarudia. Anayerudia baada ya kupumzika ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu mwili umesahau, naye hutumia kipimo kile kile cha zamani. Rafiki yake mmoja alitoka jela asubuhi, jioni tukamzika.

Kilichomsaidia mdogo wangu ni methadoni. Ilianza kutolewa Pwani mwaka 2015 huko Malindi, na Kisauni ikafuata. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kikombe kidogo, arosto haiji na mtu anaweza kufanya kazi. Wapo wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Imamu mmoja alimwambia hivyo. Mimi huwajibu kwamba mdogo wangu zamani alikuwa akiiba sufuria, sasa ananunua. Kama una mtu wako, mpeleke, na umsindikize wiki za kwanza, kwa sababu njiani kuna maskani nyingi.

Ijumaa iliyopita yule mtoto alikuja dukani kwangu baada ya swala, akajizungusha kwenye rafu za rangi kama mteja asiye na pesa. Mwishowe akasema amekutana na muuzaji wake. Yule muuzaji alimuuliza mbona haonekani, akamwambia majani leo hakuna ila iko nyengine nzuri zaidi, na mara ya kwanza hatoi pesa.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia natumwa dukani."

Babake alikuwa nyuma akipanga mabati. Siku za Ijumaa hunisaidia. Alikuwa amesikia yote. Akamuuliza mwanawe ni wapi hasa, upande gani wa uwanja. Mtoto akamwelekeza. Mdogo wangu akalishusha lile bati taratibu, akafuta mikono.

"Chini ya mkwaju?"

"Chini ya mkwaju, baba."

Akatikisa kichwa. "Hawajahama," akasema, kisha akaniuliza kama mabati ya mita tatu yaende ndani au yabaki nje.