Rejeta Kubwa kwa Land Rover Inayochemsha: Niliyojifunza Kwenye Mpando wa Mto wa Mbu

Gari langu ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109 (inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), yenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Series III zilitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imekwisha kutimiza miaka 40, na ya kwangu si miongoni mwa changa. Naishi nayo hapa Arusha. Kwa muda mrefu ilikuwa na tabia moja iliyonitia aibu mbele za watu: ilichemsha kila nilipoupanda ukingo wa Bonde la Ufa, mara tu baada ya kuiacha Mto wa Mbu nikielekea Karatu.

Mara ya tatu ndiyo iliyonifanya niamue kununua rejeta kubwa. Nilikuwa nimebeba magunia na watu wanne, gia ya pili, upepo ukitupuliza kwa nyuma, mshale wa joto ukaingia kwenye eneo jekundu kabla sijafika nusu ya mpando. Niliegesha, nikashika kitambaa tayari kufungua mfuniko wa rejeta, na kijana mmoja aliyekuwa akiuza ndizi nyekundu akanipigia kelele: "Mzee, usifungue! Itakuunguza uso." Alikuwa sahihi. Tulikaa dakika 40 tukila ndizi zake, na nikimsikiliza akinieleza magari mangapi huyaona yakifuka moshi pale kila wiki, nikajisemea kwamba dawa ni rejeta yenye mirija mingi zaidi, basi.

Sikukosea kabisa, ila nilikuwa nimeanzia mwisho. Kabla hujatoa fedha, chunguza gari linachemsha wakati gani, maana wakati unaeleza chanzo. Gari linalopanda joto kwenye foleni na kutulia likishapata mwendo lina upungufu wa upepo: feni, mkanda wake, au kava linaloizunguka feni. Gari linalotulia kwenye foleni lakini likapanda joto kwenye mlima mrefu au kwenye mwendo wa kasi lina upungufu wa mzunguko wa maji au wa uwezo wa rejeta. La kwangu lilikuwa la aina ya pili. Kwenye msongamano wa Kilombero, hapa hapa Arusha, mshale haukusogea, lakini kwenye tambarare ya kuelekea Makuyuni, kwa kilomita 80 kwa saa, ulipanda polepole bila kurudi.

Jambo linalosahauliwa ni mwinuko wa mahali tunapoishi. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji kwenye sufuria huchemka karibu na nyuzi 95 badala ya 100. Kwenye rejeta kinachotuokoa ni mfuniko: ule wa pauni 9 kwa inchi ya mraba huongeza kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 10. Mfuniko wangu ulikuwa na mpira uliokakamaa kama gome, haukushikilia shinikizo lolote, na nilikuwa nimeendesha nao kwa miaka. Hicho kilikuwa kipuri cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua.

Thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto na kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta, haikuwepo kabisa. Gereji moja, ambayo sitaitaja, iliitoa zamani na kunihakikishia kwamba "kwa nchi ya joto haihitajiki." Ushauri huu umeenea sana kwetu na umeharibu injini nyingi. Kwenye injini zenye njia ya mchepuo, yaani njia inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, thamostati ikifunguka huiziba njia hiyo ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini yakiwa moto vile vile yalivyotoka. Nilinunua nyingine ya nyuzi 82, nikaijaribu jikoni kwa kuining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria pamoja na kipimajoto. Ilianza kufunguka maji yakiwa bado hayajachemka, nikaridhika. Mke wangu hakuridhika na sufuria.

Kisha tukaja kwenye tope. Fundi wangu, ambaye ana karakana ndogo Unga Limited, alifungua koki ya kutolea maji ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, na hakikutoka kitu. Alichukua waya mgumu, akachokonoa kwa dakika nzima, ndipo ikatoka kamba nene ya uji wa kutu, rangi ya udongo wa Karatu, halafu tone, halafu maji. Tope hilo hujikusanya nyuma ya bloku, mbali na pampu, ambako maji hutembea taratibu, na hakuna rejeta duniani inayoweza kupoza silinda iliyofunikwa nalo. Tulisukuma maji ya bomba kinyume na mzunguko wa kawaida hadi yakatoka meupe. Wakati huo huo tulikagua mambo mengine yanayozalisha joto: timingi, yaani wakati wa cheche kuwasha mafuta, ilikuwa imechelewa kidogo, na breki moja ya nyuma ilikuwa ikishika. Tuliangalia pia kama kuna mapovu kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma, kwa sababu mapovu yanayoongezeka unapokanyaga mafuta ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kupitisha gesi, na hapo rejeta mpya ingekuwa fedha iliyotupwa.

Baada ya hayo yote gari lilipungua joto, lakini si vya kutosha. Hapo ndipo rejeta ilipopata zamu yake. Tuliitoa, tukaisimamisha, na kumimina ndoo ya maji kwenye mdomo wa juu: maji yalipaswa kutoka chini kwa kasi ile ile, lakini yalijaa na kumwagika. Theluthi ya mirija ilikuwa imeziba kwa ukoko mweupe, ule ule tunaouona kwenye mabirika yetu.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kufunga rejeta ya mtumba kutoka gari jingine, yenye uso mpana zaidi. Kitaalamu ndiyo bora, kwa kuwa upana hupokea upepo mpya, ilhali safu ya nyuma ya mirija hupokea upepo uliokwisha kupashwa moto na safu za mbele. Ila mipira ya maji ingetokea upande usiofaa, mabano yangehitaji kukatwa, na mdomo wa kujazia ungekuwa chini kuliko sehemu ya juu ya injini, hivyo hewa ingenaswa. Ya pili, niliyoichagua, ilikuwa kubakiza matangi ya zamani ya shaba na kujengewa sehemu mpya ya mirija, safu nne badala ya tatu.

Unene uliongezeka kwa zaidi ya sentimita moja, na sentimita hiyo ilitusumbua kuliko kazi nyingine zote. Feni ilikaribia kugusa mapezi, yale mabati membamba yaliyo kati ya mirija. Usikubali kuambiwa "inatosha" wakati injini imezimwa, kwani injini hucheza kwenye raba zake unapopita matuta. Tulisogeza rejeta mbele, tukaikalisha juu ya raba ili mtikisiko wa chesisi usiipasue, kisha tukarudisha kava la feni lililokuwa limetupwa na mmiliki wa kabla yangu. Naamini kava hilo lilisaidia karibu sawa na safu ya nne ya mirija, kwa sababu bila hilo feni huzungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti.

Usidanganyike na wingi wa maji ya rejeta kubwa. Lita zilizoongezeka huchelewesha tu joto. Kwenye mpando mrefu zitafika pale pale kama joto halitoki kwenye mapezi. Wala usiogope kwamba injini itabaki baridi mno, ilimradi thamostati ipo. Nilijaza kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, na maji ya mvua niliyoyachuja kwa kitambaa, nusu kwa nusu, maana sikutaka ukoko ule urudi.

Mwezi uliofuata nilirudi Mto wa Mbu nikiwa na mzigo unaokaribia ule wa awali, gia ile ile ya pili. Mshale ulipanda hadi juu kidogo ya katikati, ukasimama hapo mpaka Rhotia. Nilipofika Karatu niliiacha injini ingurume dakika mbili kabla ya kuizima. Asubuhi, ikiwa baridi, nilikaza klipu ya mpira wa juu nusu mzunguko, nikaongeza maji kiasi cha kikombe cha chai.