Baba yao anachota kwenye kopo la hela za kuni

Mama wa Wawili, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema watoto wako, wa kike miaka 14 na wa kiume 11, likizo hii wameweka meza kando ya barabara wanauza mafungu ya kuni, hela wanaweka kwenye kopo na binti anaandika kila kitu kwenye daftari. Baba yao akawa anapita jioni anachota, "nakopa tu, nitarudisha", hajarudisha hata mara moja. Sasa mdogo kagoma kwenda mezani, na wewe unaniuliza ujaze kopo kimyakimya ili yaishe.

Hapana mdogo wangu, usijaze. Ukijaza kwa siri baba atajua kopo halina mwisho, na binti atajua hesabu yake inachezewa na wakubwa, tena huyo anayeandika tarehe na kiasi utamdanganyaje wewe? Umeniambia ukurasa wa mwisho kaandika "Baba" mara 4 mstari kwa mstari, bila neno la lawama. Mimi hapo ndo nilisimama kusoma. Mtoto hajagombana na mtu, kaandika tu.

Najua mzee atasema kuni ni za shamba lake, shoka lake, hata hao watoto anawalisha yeye. Sawa, basi akae nao wakubaliane kabla ya kuuza, kwamba kila fungu kiasi fulani ni cha mwenye miti na kinachobaki ni cha waliochanja, waliofunga kamba na kukaa juani. Hiyo haki yake siikatai. Ila kuchukua kwanza halafu kutafuta sababu baadaye, hata duka la mtu mzima lingefungwa kwa mtindo huo. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kulipa ni yeye, hata kama kidogokidogo, mbele ya daftari, na mstari wake aukate kwa mkono wake mwenyewe.

Ongea naye mkiwa wawili, watoto wasiwepo, maana ukimsema mbele yao atatetea heshima yake na kopo litasahaulika. Usianze na "wewe mwizi". Mwambie tu mwanao kagoma kazi kwa sababu ya hii, mfungulie ule ukurasa halafu unyamaze, usijaze ukimya kwa maneno, mwache asome.

Halafu kuna kitu umekitaja juujuu nami kimenikaa, kwamba mteja mmoja alirudi analalamika kuni zinatoa moshi. Hizo ni mbichi mama. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na kuni nzuri ya kuwaka inatakiwa iwe chini ya asilimia 20, ambayo kwa miti migumu ni miezi mingi ya kukaa imeshachanjwa, imepangwa mahali penye upepo na juu imefunikwa. Wafundishe kugonganisha vipande viwili, kikavu kinalia ko, kibichi kinatoa sauti nzito kama ya kupiga mto, na kwenye ncha kikavu kinakuwa na nyufa. Yule mteja arudishiwe hela au apewe fungu jingine, na hilo binti aliandike pia.

Na huyo wa 11 asikae mezani peke yake, wala shoka asiguse. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1973, unaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 13, nchi nyingine 12, tena isiyoumiza wala kuingilia shule. Kufunga kamba nyumbani na dada yake sawa, lakini kusogelea magari yanayopunguza mwendo, hapana kabisa, meza irudishwe nyuma mahali gari linaweza kuegesha.

Usimlazimishe kurudi wiki hii. Baba akishakata ule mstari wa kwanza, mwambie binti amwoneshe mdogo wake daftari, yeye mwenyewe, we kaa jikoni.